Siku Mtani Alipojilaza Mbele ya Mstari

Watu wa Temeke wa rika langu wakikutana na mie hawaulizi kwanza habari za nyumbani, wananitazama kiunoni, wakiridhika kwamba nguo imekaa vizuri ndiyo wananiamkia, na siwalaumu, maana aibu niliyoipata kiwanjani niliipata mbele ya macho yao, jua bado kali, na hakuna aliyehadithiwa. Basi afadhali niisimulie mwenyewe kwa mpangilio, kwa sababu wao kila mwaka wanaongeza kitu, mara ya mwisho walimtia na mbuzi, na siku ile mbuzi hakuwepo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ile wapima ardhi walipokuwa wanakata viwanja vipya Temeke, kila ukigeuka unajikwaa kwenye kigingi. Mkubwa wao alikuwa Mzungu mrefu, mwekundu, tuliyemwita Bwana Kamba kwa sababu ya kazi yake, na akili yake saa za kazi ilikuwa kwenye kamba, saa nyingine zote ilikuwa kwenye raga. Raga, kwa asiyeijua, ni mpira wa umbo la yai, unaubeba mikononi na kukimbia nao, unatakiwa uuvushe mstari wa wapinzani na kuugusisha chini, wakikukamata wanakubwaga na refa anaona sawa tu. Tena unataka kwenda mbele, lakini ukitaka kumrushia mwenzako lazima umrushie aliye nyuma yako. (Shangazi yangu alipoelezwa hivyo alisema huo si mchezo, huo ni ukoo wetu.)

Huyo Bwana Kamba alipewa ruhusa ya kuunda timu ya vijana wa Tanganyika, Waafrika, Wahindi na Waarabu pamoja, wote wawe chini ya miaka kumi na saba, waende Nairobi kushindana na vijana wa Kenya na Uganda. Cheti cha kuzaliwa hatukuwa nacho wengi wetu, kwa hiyo Bwana alitazama kidevu na kusikiliza sauti. (Kuna jamaa alinyoa ndevu akazungumza kwa sauti nyembamba wiki nzima, akaja kuumbuliwa na mkewe aliyemletea chakula.) Tulibaki kundi kubwa kuliko jezi zilizokuwepo, na Bwana akatangaza kwamba Jumapili itachezwa mechi moja ya majaribio, na jioni hiyo hiyo atagawa jezi. Atakayepata jezi anakwenda Nairobi. Asiyepata anakwenda kwao.

Mie naitwa Shomari, Mzaramo, mtoto wa fundi cherehani, na wakati huo nilikuwa nasoma shule ya mjini, nakwenda na kurudi kwa miguu, na miguu hiyo ndiyo iliyoniletea jina. Nilikuwa na mbio. Sisemi kwa kujisifu, natoa habari. Mazoezini hakuna aliyewahi kunishika kwa nyuma, na walionikabili kwa mbele niliwaacha wamekumbatia upepo. Kwa hiyo nafasi yangu sikuwa na shaka nayo hata chembe, na kwa kuwa tangu utotoni nina ugonjwa wa kupenda kupeleka habari kabla haijaulizwa, kila jioni nilikuwa nakaa kwenye kibaraza cha duka la Salim, Mwarabu wetu wa mtaani, nawaeleza watu hali ya kikosi. Nilianza na wa mbele, wale wa kusukumana, nikaja wa katikati, nikamalizia na wa pembeni wenye mbio, kila mmoja nikimtaja ubora wake na kasoro yake, kwa haki kabisa, mpaka Salim akawa anaacha sukari kwenye mizani anasikiliza. Pembeni kulia nilijiweka mwenyewe. Pembeni kushoto nilisema bado kuna ushindani.

Karimu nilimtoa mapema. Karimu alikuwa mtoto wa Mhindi, Khoja mwenye duka la vitambaa kule Buguruni, kijana mwembamba, mpole, ambaye baba yake alimleta mazoezini nyuma ya baiskeli kisha akamsubiri pembeni ameshika taulo. Niliwaambia watu Karimu ni mtoto mzuri, ana adabu, mkono wake hauangushi mpira, lakini raga inataka mtu aliyezoea vumbi. Wakakubali wote. Salim peke yake ndiye aliyeuliza kama na mie nina uhakika na nafasi yangu.

"Ammi Salim," nikamwambia, "nafasi yangu haigombewi. Bwana Kamba akilala anaiota."

Neno hilo lilifika Buguruni kabla ya jua kuzama. Nyumbani ndiyo usiseme. Baba alinishonea bukta mpya ya kitambaa cha amerikani, ya kufunga kwa uzi kiunoni, akaipiga pasi mara mbili, na shangazi, dada yake baba tuliyekuwa tunakaa naye, akawa keshaanza kuwaaga majirani kwa niaba yangu, anawauliza kama wana salamu za Nairobi.

Jumapili ikafika. Kiwanja Bwana alikipima kwa vyombo vyake vya kazi, mistari ya chokaa imenyooka kuliko barabara yoyote ya mji ule, milingoti ya boriti za mikoko, na watu wamejaa pande zote, Temeke nzima na nusu ya Buguruni. Sie vijana tulikuwa upande mmoja. Upande wa pili, kwa kuwa timu nyingine ya raga haikupatikana, Bwana aliwapanga vibarua wake wa kupima ardhi, watu wazima, vifua kama milango, na wengi wao Wanyamwezi.

Hapo ndipo mkasa wangu unapoanzia, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani si maneno tu. Mtani atakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako nawe utacheka. Atachukua kitu chako, nawe huruhusiwi kukasirika, utakikomboa. Na hao vibarua mmoja wao alikuwa Maganga, mshika mnyororo wa kupimia ardhi wa Bwana Kamba, jirani yetu nyumba ya pili, mtani wa ukoo mzima. Bibi yangu alipofariki, Maganga ndiye aliyeingia kaburini kabla ya maiti akalala chali, akasema kaburi ni lake na bibi atafute lingine, na jeneza likasimama, shehe akasimama, watu wote wakasimama juani mpaka baba alipomkomboa kwa kuku. Hakuna aliyenuna. Ndiyo heshima yenyewe, msiba bila mtani ni kama mtu kazikwa na wageni.

Basi timu zikapangwa uso kwa uso zipeane mikono, na mbele yangu nani, Maganga, amevaa kofia yake ya pama ambayo hakuivua hata kazini. Ningempa mkono tu yakaisha. Lakini watu walikuwa wanatazama, shangazi yuko pale pale pembeni mwa mstari, na mie nikaona nafasi nzuri ya kuwachekesha. Nikamvua Maganga kofia, nikajivika, nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye baiskeli za Wahindi:

"Mtumwa wangu, leo utanibeba mgongoni mpaka Tabora."

Uwanja ukacheka. Nikamrushia shangazi ile kofia, naye akaivaa juu ya kanga yake akatembea nayo kama liwali. Maganga hakucheka. Alijipangusa kichwa polepole, akanitazama kama mtu anayepima kiwanja.

"Haya, Mzaramo," akasema. "Mlango umeufungua mwenyewe."

Nikamsikia, nikasahau. Filimbi ikalia.

Sitawachosha na mechi yote. Vibarua sheria hawakuzijua, Bwana aliwapa amri moja tu, mtu asiuvuke mstari wenu, na amri hiyo waliishika kama ya kazini. Walitubwaga, tukainuka, wakatubwaga tena. Mie nilicheza kama nilivyowaahidi watu. Mara mbili nilitoka mbio kutoka nyuma kabisa hadi karibu na mstari wao kabla ya kusukumwa nje, na kila mara nilimwona Bwana Kamba akitikisa kichwa kwa kuridhika, na niliposikia watu wanaliita jina langu nilijua kazi imekwisha, imebaki kuvaa. Matokeo yalikuwa sare, hakuna aliyevuka, na muda ulikuwa unayoyoma.

Ndipo mpira ukanifikia pembeni kulia, mbele yangu peupe. Nikakimbia. Wa kwanza nikamwacha, wa pili akanishika shati likamponyoka, nikainua macho nikaona kati yangu na mstari kuna mtu mmoja tu, Maganga, mtu mzima, mzito, ambaye ningempita nimefumba jicho moja. Nikajiandaa kumyumbisha kulia nipite kushoto.

Maganga hakunifuata kulia wala kushoto. Alipiga magoti, akajilaza chali kwenye chokaa, akanyoosha mikono, akafumba macho, na akatangaza kwa sauti ya msibani:

"Nimekufa. Mzaramo ameniua kwa kunivua kofia. Nizikeni au nikomboeni."

Nikasimama.

Najua mnachotaka kuuliza, kila mtu anakiuliza, kwa nini sikumzunguka, kwani mstari ulikuwa mrefu. Na mie nawaulizeni nyie, mmewahi kuona mtu akimzunguka mtani aliyelala mbele yake? Kumruka mtu aliyelala ni mkosi, hilo analijua hata mtoto. Kumzunguka mtani ni kukimbia deni lake, na deni hilo nilikuwa nimelianzisha mwenyewe mbele ya kadamnasi. Zaidi ya hapo, akilini mwangu hapakuwa na shaka kabisa kwamba mchezo umesimama. Jeneza la bibi lilisimama, itakuwa mpira? Na nilipotazama nyuma nikaona sikukosea, wenzangu Wazaramo wote wamesimama, vibarua wote wamesimama, watu pembeni wamenyamaza kusikiliza madai yatakuwa nini. Shangazi ndiye aliyenipazia sauti nisithubutu kumruka.

Kwa hiyo nikafanya kama inavyotakiwa. Nikauweka mpira chini taratibu, hatua moja kabla ya mstari, nikachutama kichwani kwa Maganga, nikamuuliza marehemu anataka nini ndipo afufuke. Akasema kofia yake, na kwa kuwa kichwa kimepigwa jua, jogoo. Nikamwambia kofia atapewa, jogoo ni ghali mno, labda tetea. Akasema yeye si Mzaramo wa kuishi kwa mihogo, ni jogoo. Tulikuwa tunaelewana vizuri kabisa, bei ilikuwa inashuka, nilipohisi upepo umepita juu ya vichwa vyetu.

Alikuwa Karimu. Alikuja mbio kutoka kushoto, akauokota mpira pale nilipouweka, akamruka Maganga kwa mguu mrefu kama anavuka mtaro, akaugusisha chini nyuma ya mstari kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayeweka sinia. Bwana Kamba akapuliza filimbi mpaka ikakatika sauti. Baba yake Karimu akarusha taulo juu.

Karimu akanirudia anahema, macho yanang'aa, akanishika bega.

"Asante sana Shomari," akasema. "Mimi nilidhani umeniwekea mpira, au niliona vibaya?"

Nikamwambia hakuona vibaya.

Nikataka kuinuka nirudi mchezoni, maana dakika zilikuwa zimebaki na mie bado nina mbio zangu, lakini Maganga alikuwa bado amekufa, na mkono wake mmoja umeushika uzi wa bukta yangu. Akasema goli halimhusu, hilo ni la Mhindi, yeye kesi yake iko pale pale. Jogoo sikuwa naye kiwanjani, kofia iko kichwani kwa shangazi, na shangazi kwa kuona raha ya utani imekolea alikataa kuitoa, akisema mtani asubiri. Basi Maganga akachukua rehani. Akauvuta uzi wote, taratibu, ukatoka kama nyoka anayetoka shimoni, akaufunga kwenye kidole chake, akafufuka, akaenda zake kwenye nafasi yake.

Bukta bila uzi ni kitambaa tu. Baba alinishonea pana ili nikimbie vizuri, na kweli ilikuwa pana. Nikaishika kwa mikono yote miwili, na filimbi ikalia mchezo uendelee.

Sasa fikirini, raga ni mchezo wa mikono. Kwa muda uliobaki nilikimbia juu na chini nimejishika kiuno kama mama mjamzito, watu wa Temeke wamelala chini kwa kicheko, na mwenzetu wa katikati, ambaye hakuyaona ya uzi, akanirushia mpira mzuri kuliko yote niliyowahi kurushiwa, ukaja polepole usawa wa kifua, mbele yangu hakuna mtu hata mmoja, hata Maganga alikuwa mbali. Nilikuwa na nafasi ya kuchagua kimoja. Nikachagua bukta. Mpira ukanigonga kifuani ukaanguka, na sauti waliyoitoa watu sijaisikia tena hata uwanja wa taifa.

Mechi ikaisha kwa lile goli la Karimu. Shangazi akaniletea kanga, akanifunga mwenyewe kiunoni juu ya bukta, mafundo mawili, mbele ya kila mtu, kanga nyekundu ya maua ya korosho. Nikamwambia naweza kuvumilia mpaka nyumbani, akaniambia nitulie.

Bwana Kamba alitandika mkeka, akazipanga jezi juu yake, akatupanga mstari. Na mie, amini usiamini, nilisimama kwenye mstari ule na kanga yangu nikiwa bado nina matumaini, tena makubwa. Nilipiga hesabu kama mtu mzima. Mbio zangu aliziona. Mpira niliufikisha mwenyewe hatua moja kutoka mstarini. Lile la Maganga ni jambo la mila, na Bwana alikuwa Mzungu anayesikiliza, Kiswahili chake cha kazini kilitosha, akielezwa ataelewa. Akaanza kugawa. Wa mbele wakapata, kama nilivyotabiri. Wa katikati wakapata, nilikosea mmoja tu. Pembeni kushoto akapata Karimu, baba yake akakaa chini akalia kwenye taulo. Ikabaki jezi moja mkononi mwa Bwana, ya pembeni kulia, akaja nayo hadi mbele yangu, akaitazama kanga, akanitazama mie.

Akaniuliza kwa nini nilisimama. Nikamweleza yote, kwa mpangilio, utani ni nini, ulianzaje, jeneza la bibi, kuku, kofia, kwa nini mtu aliyelala harukwi na mtani hazungukwi. Nilieleza vizuri, nadhani hakuna Mzungu aliyewahi kuelezwa utani vizuri kuliko vile. Alisikiliza mpaka mwisho, akawa anaitikia kwa kichwa, na mara moja alimtazama Maganga, akasema kwa masikitiko kwamba laiti mtu yule angekuwa na miaka kumi na sita. Nikaona mambo yangu yanakwenda vizuri. Mkono wenye jezi ulikuwa umeshaanza kunyooka.

Halafu akauliza, "Na Nairobi, Wanyamwezi wapo?"

Ningesema sijui. Nilikuwa sijafika Nairobi hata siku moja, kwa hiyo kusema sijui ingekuwa ndiyo kweli yenyewe. Lakini nilikuwa nimezoea kibaraza cha Salim, nimezoea kuulizwa na kujibu, na watu wote walikuwa kimya wananisikiliza.

"Wapo tele, Bwana," nikamwambia. "Kila penye kazi, Mnyamwezi yupo."

Bwana Kamba akashukuru kwa habari hiyo. Akaikunja jezi, akapiga hatua moja pembeni, akampa aliyesimama baada yangu, kijana ambaye jina lake sikuwahi hata kulitaja kibarazani.

Walikwenda Nairobi wakafungwa mechi zote, Karimu akarudi na jino pungufu na hadithi za baridi, na alipokuja Temeke kunisalimia nilimuuliza kitu kimoja tu, kama uwanjani alimwona Mnyamwezi yeyote. Alifikiri sana, maana ni mtu wa haki, akasema kwa alivyoona, hapakuwepo.

Tangu siku hiyo nimejiwekea nadhiri, na mpaka leo uzeeni sijaivunja. Mtu akiniuliza neno wakati mkono wake umeshaanza kunyooka, hata kama jibu ninalo, hata kama ni jibu zuri, ninapokea kwanza.